Kwa Nini Betri ya Motokaa Hufa Mara kwa Mara

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza habari ya taabu moja waijuayo wengi wenye motokaa. Mtu hulaza motokaa yake usiku ikiwa nzima, na asubuhi azungushapo ufunguo, injini haiitiki. Husikika mlio mdogo tu, ta-ta-ta, kisha kimya. Jirani huitwa, nyaya hufungwa kutoka motokaa yake, injini huwaka, na mwenyewe huenda zake akishukuru. Siku ya tatu mambo huwa yale yale. Ndipo asemapo, "Betri hii imekwisha," akaenda dukani akanunua mpya. Baada ya majuma machache, ile mpya nayo yafa kama ya kwanza.

Hasara hii si ndogo. Bei ya betri moja kwa watu wengi ni mshahara wa siku nyingi. Tena iko hasara nyingine isiyohesabiwa kwa fedha, kwa maana motokaa ambayo haina hakika ya kuwaka haiwezi kutegemewa usiku ule ambapo mgonjwa ataka kupelekwa hospitali. Hapo zamani dereva alikuwa na njia nyingine. Motokaa za kwanza ziliwashwa kwa mpini wa chuma uliozungushwa kwa mkono, mpaka mwaka 1912 ambapo motokaa za Cadillac huko Marekani zilitiwa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu hapo kazi ya mkono ikawa kazi ya betri. Na motokaa nyingi za siku hizi, zile zibadilishazo gia zenyewe, haziwashwi hata kwa kusukumwa. Betri ikifa, safari imekufa.

Kwa hiyo hatuna budi kujifunza namna ya kuuliza sababu kabla ya kufungua mfuko. Neno tutakalo kuwathibitishia leo ni hili: betri inayokufa mara kwa mara ni dalili, wala si lazima iwe ndiyo maradhi yenyewe. Homa hupanda katika mwili kwa sababu nyingi, na tabibu mwema hampi kila mwenye homa dawa moja. Kadhalika na betri.

Kwanza yafaa tufahamu betri ni kitu gani. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa aitwaye Gaston Planté mwaka 1859, na asili yake haikubadilika sana hata leo. Ndani yake mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozamishwa katika maji yenye tindikali. Betri ya volti 12 imegawanyika katika vyumba sita, na kila chumba kikijaa hutoa kama volti 2.1. Vyumba sita vikiungana hupatikana volti 12.6. Nguvu itumikapo, tindikali huingia katika mabamba na maji hubaki mepesi. Nguvu irudishwapo, tindikali hutoka katika mabamba ikarudi katika maji.

Basi betri haizalishi nguvu mpya daima, kama chemchemi itoavyo maji. Betri ni mtungi. Hutoa kile tu kilichotiwa ndani yake. Mchota maji wa mtungi huu ni ile mashine izungushwayo na injini kwa mkanda wa mpira. Katika motokaa za zamani iliitwa dinamo, na katika motokaa za leo ni alteneta. Wanywaji wa mtungi ni stata, taa, honi, redio, feni, na vyote vitumiavyo umeme.

Sasa tuseme kuna mama mwenye nyumba aonaye mtungi wake mtupu kila asubuhi. Je, huuvunja mara moja akanunua mwingine? La. Akiwa na busara hujiuliza maswali matatu. Je, mtungi una ufa, hata maji yakavuja? Je, mchota maji alileta maji ya kutosha? Je, yuko mtu aamkaye usiku akanywa kwa siri? Maswali haya matatu ndiyo tutakayoyauliza juu ya betri, wala hakuna la nne ila moja dogo ambalo tutaanza nalo, kwa sababu jibu lake ni rahisi kuliko yote.

Swali hilo dogo ni la mdomo wa mtungi. Mtungi waweza kujaa, lakini mdomo wake ukizibwa hakuna maji yatokayo wala yaingiayo. Fungueni boneti mtazame vile vichwa viwili vya betri, ambavyo mafundi huviita tamino. Mara nyingi mtaona unga mweupe au wa rangi ya majani umevizunguka, au mtagusa waya mkaona unacheza. Umeme haupiti vema katika uchafu huo wala katika kifungo kilicholegea. Fungueni, mkianza na waya wa upande wa hasi, safisheni vichwa na vishikizo vyake kwa maji yaliyotiwa magadi kidogo ya kuokea, mkiangalia maji hayo yasiingie ndani ya betri, kisha suuzeni, kausheni na kukwangua mpaka chuma king'ae, mkaze sawasawa. Tazameni pia upande wa pili wa ule waya wa hasi, pale ufungwapo katika mwili wa motokaa na katika injini. Wengi husafisha upande mmoja wakausahau wa pili. Betri nyingi zilizohukumiwa kufa hazikuwa na kosa ila hili.

Kama vichwa ni safi na vimekazwa, na bado motokaa hufa, tuendelee kwenye maswali yetu matatu. Iko njia moja ya kuyapambanua isiyotaka chombo chochote cha kupimia, bali subira ya usiku miwili. Twaomba mwisikilize kwa makini.

Kwanza, pelekeni betri ikajazwe kabisa kwa mashine ya kuchajia. Kuijaza huku hakufanyiki kwa dakika chache, maana betri iliyokwisha kabisa huhitaji saa nyingi, pengine usiku kucha. Ikisha kujaa, irudisheni katika motokaa, muiwashe kuhakikisha ina nguvu, kisha zimeni injini, na jioni ile fungueni ule waya wa hasi mkauweke kando pasipo kugusa kichwa cha betri. Acheni hivyo hata asubuhi. Asubuhi rudisheni waya mkawashe injini. Ikiwa stata yavuta kwa unyonge au haivuti kabisa, basi mtungi una ufa. Betri imelala peke yake, haikunyweshwa na mtu, na hata hivyo imepungukiwa. Kosa ni lake.

Lakini kama injini imewaka kwa nguvu, endeleeni na usiku wa pili. Ijazeni tena betri ile, mkaiache safari hii na waya wake umefungwa kama desturi. Ikiwa asubuhi ya pili imekufa, mwizi yumo ndani ya motokaa. Na kama usiku wote wawili umepita salama, lakini motokaa hufa baada ya siku kadhaa za kutumika, basi tumtazame mchota maji na namna ya safari zetu. Kabla ya kuufungua waya, wenye motokaa za siku hizi na waulize kama redio yao yataka tarakimu za siri baada ya kukatiwa umeme, wasije wakapata taabu juu ya taabu.

Hiyo ndiyo njia ya subira. Aliye na kipimo cha volti, nacho si chombo cha bei kubwa, aweza kujua zaidi kwa muda mfupi. Motokaa ikisha kupumzika saa kadhaa, na afadhali usiku mzima, pimeni vichwa viwili vya betri. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.4, imebaki kama robo tatu. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikisoma 12.0, imebaki robo, na chini ya hapo imekwisha au karibu kwisha. Tazameni jinsi tofauti zilivyo ndogo: kati ya kujaa na nusu pana sehemu nne tu katika kumi za volti moja. Kwa hiyo mtu asiseme, "Betri yangu ni ya volti 12, nayo yasoma 12, basi ni nzima." Betri hiyo ina njaa kubwa.

Hata hivyo volti za betri iliyopumzika hazitoshi kuwa shahidi wa pekee. Betri dhaifu yaweza kuonyesha uso mwema wakati haina kazi, kama mtu mgonjwa aketiye kitini akionekana mzima, lakini ukimtwika mzigo miguu hutetemeka. Basi itwikeni mzigo. Mtu mmoja aangalie kipimo na mwingine awashe stata. Betri nzima iliyojaa haipungui chini ya volti 9.6 stata inapozunguka. Ikiporomoka chini ya hapo ingawa ilijazwa sawasawa, uzee umeifikia. Na zile betri zenye vifuniko vya kufunguliwa zaweza kupimwa maji yake kwa haidromita. Tukihesabu uzito wa maji safi kuwa 1.000, maji ya betri iliyojaa huwa karibu 1.270. Chumba kimoja kikionekana chepesi kuliko vingine kwa 0.050 au zaidi hata baada ya kujazwa, chumba hicho kimeharibika, na chumba kimoja huzivuta nguvu za vyote sita.

Betri hufa kwa uzee, ndiyo. Nyingi huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto huupunguza umri huo. Wakazi wa nchi za baridi hulalamika kwamba betri hugoma wakati wa baridi, na kweli baridi huilegeza nguvu yake. Lakini kinachoichakaza betri ni joto, na sisi tukaao pwani na katika nchi tambarare twajua habari hiyo. Maji hupunguka upesi na mabamba huachwa wazi. Kwa betri zifunguliwazo, maji ya kuongeza na yawe yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yauzwayo kwa kazi hiyo, wala si ya kisima wala ya bomba, kwa maana chumvi zilizomo huharibu mabamba. Tena yaongezwe maji tu, si tindikali, kwa sababu kinachopungua katika joto ni maji.

Sasa tumgeukie mchota maji, yaani alteneta. Injini ikiwa imewaka na betri si tupu sana, kipimo cha volti katika vichwa vya betri huonyesha kama 13.8 hadi 14.5. Ikiwa injini yaenda na kipimo chabaki 12.4 kikishuka polepole, hakuna kinachoingia. Motokaa inajiendesha kwa akiba, na akiba ikiisha itasimama njiani. Tazameni kwanza ule mkanda: pengine umelegea, umechakaa, au umeng'aa kama kioo hata wateleza. Ukilia kwa sauti ya juu mnapoongeza moto wa injini, huo ni ushahidi. Ile taa nyekundu yenye sura ya betri mbele ya dereva, ikiwaka injini ikiwa inaenda, si pambo. Ni mchota maji apigaye kelele kwamba ameshindwa kazi. Kinyume chake, volti zikipanda mpaka 15 na zaidi kwa muda mrefu katika joto la kwetu, betri yapikwa, maji yake yatakauka, na kosa ni la kile kidhibiti cha alteneta.

Hapa twataka kuonya juu ya desturi moja ya zamani. Siku za dinamo, mafundi wengine walikuwa wakifungua waya wa betri injini ikiwa inaenda, ili waone kama injini itazima. Isipozima walisema dinamo ni nzima. Msifanye hivyo katika motokaa yenye alteneta. Betri ikiondolewa ghafula, volti huruka juu kwa nguvu, nazo zaweza kuunguza alteneta yenyewe pamoja na vyombo vyote laini vya umeme katika motokaa. Kipimo cha volti hutoa jibu lile lile bila hasara.

Mara nyingine mchota maji ni mzima, lakini safari ni fupi mno. Mtu hutoka nyumbani mpaka sokoni, mwendo wa dakika kumi, usiku, mvua ikinyesha, taa zote zimewaka, feni inavuma na vifuta mvua vinacheza, na njiani amesimama mara nyingi, injini ikienda polepole. Mchota maji alichota, lakini wanywaji walikuwa wengi mlangoni, na mtungi haukuongezeka. Hapa ndipo hukumu nyingi hupotoka. Betri huamshwa kwa waya za jirani, mwenyewe huendesha robo saa, huzima, na ikikataa kuwaka tena husema, "Nimeichaji, nayo haishiki." Ndugu, hukuichaji. Uliionyesha maji kwa mbali.

Twabakiwa na swali la tatu, nalo ndilo liwasumbualo watu kuliko yote: mwizi wa usiku. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Si lazima awe mwizi mkubwa. Tutwae mfano wa karani ambaye motokaa yake yawaka vizuri Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, lakini Jumatatu asubuhi hugoma. Amekwisha kununua betri mpya na ugonjwa haukuondoka. Jumatatu ile ni neno kubwa kwa mwenye kutafuta. Motokaa hii hulala usiku mmoja mmoja bila madhara, lakini tangu Ijumaa jioni hata Jumatatu asubuhi haiendi popote, nazo ni saa 60. Tuseme ndani ya buti kuna taa ndogo ya wati 5, ambayo swichi yake imeharibika ikawa haizimi kifuniko kifungwapo. Taa hiyo hunywa kama sehemu nne katika kumi za ampea moja. Kwa saa 60 imekunywa karibu ampea-saa 25. Betri ya motokaa ndogo hubeba kama ampea-saa 60 ikijaa. Lakini betri ya karani wetu, kwa safari zake fupi, haijai. Ikiwa Ijumaa ilikuwa nusu, yaani ampea-saa 30, Jumatatu zimebaki kama 5, na stata haivutwi kwa hizo. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia ile ile haba na haba hukimaliza.

Mwizi huyu hupatikanaje? Kwanza kwa macho na vidole. Usiku wa giza zungukeni motokaa mkitazama kama kuna mwanga katika buti, katika kisanduku kilicho mbele ya abiria, au chini ya boneti. Taa ikiwa imefungiwa ndani msipoweza kuiona, fungueni upesi mkaguse kioo chake: kikiwa cha moto, mmemshika. Wakumbukeni pia wageni waliotiwa baadaye, yaani redio iliyofungwa na fundi wa mtaani, king'ora cha wezi, na vyombo vya kuchajia simu vilivyoachwa vimechomekwa. Mara nyingi kosa halikuzaliwa na motokaa bali liliingia pamoja na mapambo.

Isipoonekana, twaliza kipimo cha ampea. Zimeni kila kitu, ondoeni ufunguo, fungueni waya wa hasi wa betri, kisha pitisheni umeme katika kipimo, ncha moja katika kichwa cha betri na ncha nyingine katika waya uliofunguliwa. Tumieni tundu la kipimo lililoandikwa ampea 10, wala msijaribu kuwasha injini au taa kubwa wakati huo, maana kipimo kitaungua. Motokaa za leo zina bongo za umeme ambazo hazilali mara moja. Ngojeni nusu saa, pengine saa nzima, milango ikiwa imefungwa, kabla ya kusoma. Motokaa nzima iliyolala hunywa kidogo, na kwa kawaida haipiti miliampea 50, yaani sehemu 50 katika elfu za ampea moja. Kiasi hicho ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na ndiyo sababu hata motokaa isiyo na kosa ikiachwa mwezi mzima bila kuguswa yaweza kukataa kuwaka.

Kipimo kikisoma nusu ampea au zaidi, mwizi yupo. Sasa chomoeni fyuzi moja moja, mkitazama kipimo. Nyingi zitaondolewa bila badiliko lolote. Itatokea moja ambayo ikichomolewa tu kipimo chashuka. Someni jina la fyuzi ile, nalo litawaambia mwizi akaa njia gani: taa za ndani, redio, au nyingineyo. Fyuzi zote zikisha na kipimo hakikushuka, mshukuni alteneta yenyewe. Ndani yake mna dayodi, ambazo ni kama milango ya kupitisha umeme upande mmoja tu. Mlango mmoja ukivunjika, umeme hurudi nyuma usiku kucha. Hapo mchota maji mwenyewe ndiye mnywaji wa siri.

Kabla hatujamaliza twataka kueleza kwa nini kukawia katika uchunguzi huu ni hatari. Betri ikiachwa tupu, ukoko mweupe hutanda juu ya mabamba, nao ukikaa hugeuka mgumu usiondoke tena. Kila mara betri iachwapo kufa, sehemu ya uwezo wake yapotea daima. Basi mwizi mdogo huharibu mtungi uliokuwa mzima, na mwisho makosa huwa mawili, mwizi pamoja na ufa. Mwenye motokaa hubadili betri, naye alikuwa na haki, kwa maana ile ya kwanza imekwisha kweli, lakini mwizi bado yu hai, na mpya huanza kuliwa usiku ule ule. Hii ndiyo siri ya betri mbili kufa katika mwaka mmoja. Anayebadili betri bila kutafuta sababu amezika maiti akamwacha muuaji nyumbani.

Katika kazi yote hii na mwe na hadhari. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojini iwezayo kulipuka kwa cheche moja. Msivute sigara karibu wala msimulike kwa kibiriti. Waya wa hasi ndio wa kwanza kufunguliwa na wa mwisho kufungwa, ili spana ikigusa mwili wa motokaa pasitoke moto. Mkiazima nguvu kwa jirani, fungeni chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho katika chuma cha injini ya motokaa iliyokufa, mbali na betri yake. Tindikali ikimrukia mtu, hasa machoni, na aoshwe kwa maji mengi kwa muda mrefu na kupelekwa kwa tabibu.

Na betri iliyokufa kweli isitupwe jalalani wala isiyeyushwe nyuma ya nyumba ili kupata risasi yake. Madini hayo ni sumu, tena huwadhuru watoto zaidi kuliko wakubwa. Katika kijiji cha Owino Uhuru huko Mombasa, watu walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha haimrudishii mtoto afya yake. Irudisheni betri kuukuu kwa muuzaji aipokeaye kwa njia ya halali. Wengi hupunguza bei ya mpya kwa ajili yake.

Basi tukusanye maneno yetu. Asubuhi motokaa igomapo, tazameni kwanza vichwa vya betri, kama ni safi na vimekazwa. Kisha ijazeni betri kabisa, mkailaze usiku mmoja waya umefunguliwa na usiku wa pili umefungwa. Usiku wa kwanza hutoa habari za mtungi, na wa pili habari za mwizi. Zote zikiwa njema, mchunguzeni mchota maji na urefu wa safari zenu. Na mkienda kwa fundi, msimwambie, "Nitilie betri mpya." Mwambieni ni siku gani hufa, imelala saa ngapi, na usiku ule wa waya kufunguliwa ulikuwaje. Fundi mwema atafurahi kupewa habari hizo, na yule asiyetaka kuzisikia, mwachieni betri zake auzie wengine.